Sura ya Tano: Je, Mkristo Akilia Amepungukiwa Imani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, tena mara nyingi na mtu ambaye tayari amekwisha kupewa jibu baya. Ni mjane ambaye miezi minne baada ya mazishi bado hawezi kuimba Jumapili. Ni baba aliyemzika mtoto wa darasa la pili, na sasa akifungua Biblia anaona herufi tu. Ni kijana anayejifungia chooni kazini kila asikiapo simu ya mwenzake ikiita kwa mlio uliokuwa wa mama yake. Wote wanauliza jambo moja: mimi nimeokoka, naamini kuna ufufuo, sasa mbona bado nalia?

Nijibu mapema kwa ajili ya msomaji ambaye leo hana nguvu ya kusoma sura nzima: hapana, hujapungukiwa imani. Biblia yako imejaa watu waliolia, na wengi wao ndio hao hao tunaowaita mashujaa wa imani. Unaweza kufunga kitabu hapa ukapumzika.

Lakini kwa sisi wengine, hasa tunaokwenda kuwapa wenzetu pole, jibu hilo fupi halitoshi. Inabidi tujiulize nani aliwafundisha watu hawa kuona haya machozi yao. Naogopa kwamba ni sisi.

Maneno ya chini ya turubai

Msiba wetu una utaratibu wake, na kwa sehemu kubwa utaratibu huo ni neema. Kabla jua halijazama turubai limekwisha fungwa, viti vya plastiki vimeletwa, masufuria ya jumuiya yametolewa stoo, na kamati imekaa na daftari la rambirambi. Wanaume wako nje. Kinamama wako ndani na mfiwa, ambaye ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, miguu ameinyoosha, khanga begani. Mpaka hapo sioni cha kurekebisha. Tatizo huanza tunapofungua midomo.

Haya ndiyo tunayosema:

- "Jikaze."
- "Kazi ya Mungu haina makosa."
- "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi."
- "Shukuru, umebaki na watoto."
- "Usilie hivyo, unamkufuru Mungu."

Najua yanasemwa kwa upendo. Ila jaribu kuyasikia kwa masikio ya anayeambiwa. Chukua hilo la tatu, ambalo karibu kila mazishi lazima mtu alitamke. Kando ya kaburi amesimama mtoto wa miaka saba, ameshika upindo wa gauni la shangazi yake. Anachokisikia ni kwamba Mungu akimpenda mtu sana, humchukua. Basi usiku huo atakapoambiwa apige magoti amwombe huyo Mungu anayempenda, unadhani ataomba nini?

La pili ni zito zaidi. Mama amekufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Kijana amegongwa na lori ambalo breki zake zilijulikana kuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Kisha tunasimama mbele ya jeneza na kutangaza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kazi ya aliyeuza mafuta ya gari la wagonjwa ina makosa, na ya mwenye lori ina makosa. Tunambebesha Mungu dhambi ambazo si zake, halafu tunashangaa mfiwa anapoacha kuja ibadani.

Na "usilie" je? Kwa maoni yangu, mara nyingi neno hilo halimsaidii anayelia, humsaidia anayelisema. Kilio cha mtu mzima kinatisha. Kinatukumbusha wa kwetu waliokwenda na watakaokwenda. Tunataka kinyamaze ili sisi tupumue.

"Pole" inatosha. Ni neno fupi, halidai jibu, halimfundishi mtu kitu. Ukilisema ukakaa chini, umefanya kazi kubwa kuliko mwenye hotuba ya dakika ishirini.

Kilichotokea Bethania

Bethania kilikuwa kijiji kilicho kama kilomita 3 kutoka Yerusalemu. Humo waliishi ndugu watatu waliokuwa marafiki wa Yesu: Martha, Mariamu na Lazaro. Habari yao imo katika Injili ya Yohana, sura ya 11, na wengi wetu tunaifahamu kwa sababu ya mwisho wake: Lazaro anafufuka. Lakini kabla ya mwisho huo kuna mambo tunayoyapita haraka.

La kwanza, Yesu alipopata taarifa ya ugonjwa alikaa siku 2 zaidi mahali alipokuwa. Alipofika, Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Kwa mazoea yetu, hapo watu wa mbali wameshaondoka na masufuria yanaoshwa.

Martha akatoka kumlaki njiani. Hakumkaribisha kwa sifa. Alimwambia wazi kwamba angekuwepo, kaka yake asingekufa. Hilo ni lalamiko, tena limesemwa usoni. Yesu hakumkemea. Alizungumza naye juu ya ufufuo, na Martha akajibu kwa ungamo la imani ambalo lingempatia alama zote katika darasa la kipaimara. Kumbe mdomo ule ule unaweza kulalamika na kukiri ndani ya dakika chache.

Kisha akaja Mariamu. Akaanguka miguuni pa Yesu na kusema yale yale aliyosema dada yake. Unategemea Yesu arudie somo la ufufuo, kwa sababu lalamiko ni lile lile. Hakurudia. Alimwona analia, akawaona waliofuatana naye wanalia, akauliza walikomlaza. Halafu naye akalia.

Hapa ndipo ninapowaomba wapendwa watulie kidogo. Yesu alijua atakachofanya. Alikwisha kuwaambia wanafunzi, kabla hata ya safari, kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwenye kaburi akiwa na uhakika wa ufufuo kuliko yeye siku ile. Zilibaki dakika chache tu marehemu atoke akiwa na sanda zake. Na bado alilia. Kama kujua ufufuo kungekuwa sababu ya kutolia, Yesu angekuwa wa kwanza kubaki na macho makavu.

Tuone pia kwamba dada wawili waliosema maneno yale yale walipokea vitu tofauti. Mmoja alihitaji mazungumzo, mwingine alihitaji mtu wa kulia naye. Mchungaji au katekista anayekwenda msibani na hotuba moja kwa watu wote angefaidika kulitazama hilo.

Waliokuwa wamesimama pale nao waligawanyika. Wengine waliona machozi yale ni ushahidi wa jinsi alivyompenda Lazaro. Wengine wakaanza kuhoji: huyu aliyemfumbua macho kipofu ameshindwaje kuzuia kifo hiki? Kwa hiyo hata Yesu, akilia msibani, alikosolewa. Ukikosolewa wewe, usishangae sana.

*Kwa ufupi: uhakika wa ufufuo na machozi vilikaa ndani ya mtu mmoja, saa moja, pale Bethania. Hakuna kilichomfukuza mwenzake.*

Sala zenye malalamiko

Kati ya Zaburi zote 150, takribani theluthi ni zile zinazoitwa zaburi za maombolezo. Maana yake ni sala ambamo mtu au taifa linamweleza Mungu maumivu bila kuyapamba: linauliza, linalalamika, linaomba, na mara nyingi linamalizia kwa kumtumaini. Katika Zaburi ya 13 mwombaji anamuuliza Mungu mara 4, ndani ya aya 2 za mwanzo, ni hadi lini ataendelea kumsahau na kumwacha na uchungu wake. Mara nne! Mtoto akituuliza hivyo nyumbani tungemwambia ana dharau.

Zaburi nyingi za aina hii hugeuka njiani zikaishia kwenye sifa. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwenye kilio na inaishia gizani, na neno lake la mwisho ni la giza. Haina shukrani wala ahadi. Hata hivyo, haikuondolewa katika kitabu. Maelezo ya juu yake yanaonyesha kwamba ilikabidhiwa kwa mwimbishaji, yaani iliimbwa ibadani, na watu wote wakiwapo. Ningependa kujua ni lini kwaya yetu iliimba wimbo usiomalizika kwa kucheza. Tunazo nyimbo za kutosha za ushindi. Mtu aliyekuja kanisani akiwa ameshindwa hana hata moja ya kuimba.

Kuna pia kitabu kizima kinachoitwa Maombolezo, kilichotokana na kuanguka kwa Yerusalemu mikononi mwa Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Kina sura 5. Nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Tafakari kazi hiyo. Mji umeungua, watoto wamekufa kwa njaa, na mtu anakaa chini kuupanga uchungu wake herufi kwa herufi mpaka zote ziishe. Maana yake aliruhusiwa kusema yote, na alijipa muda wa kuyasema yote.

Katikati ya kitabu hicho, sura ya 3, kuna aya zinazopendwa sana kuhusu rehema za Mungu zilizo mpya kila asubuhi. Tumezikata tukazitundika kwenye kalenda na vioo vya nyuma vya daladala. Ni aya nzuri. Ila ukiendelea kusoma sura hiyo hiyo utakuta mwandishi akilalamika kwamba Mungu amejifunika wingu ili maombi yasipenye, na bado sura mbili zinafuata. Kitabu kinaisha kwa wasiwasi kama Mungu amewakataa kabisa. Tumaini limo, na limo katikati kabisa ya kilio, lakini halikukikatiza.

Daudi naye, walipokufa Sauli na Yonathani, alitunga ombolezo na akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Tunafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kusifu na kushukuru. Kulia mbele za Mungu tunawaachia wajifunze wenyewe, siku msiba ukiwapata.

Wimbo tunaouimba bila kujua ulikotoka

Mara nyingi jeneza linapoteremshwa, mtu huanzisha wimbo wa Ni Salama Rohoni Mwangu, uliomo katika Tenzi za Rohoni. Nimesikia ukitumiwa kumnyamazisha mfiwa: "Unasikia? Mwenzako aliyeutunga alifiwa na watoto wote na hakulia." Hilo si kweli, na habari yenyewe inafaa kuelezwa sawasawa.

Mtunzi wa maneno alikuwa Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, Marekani. Moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871 ulimtia hasara kubwa. Novemba 1873 mkewe, Anna, alisafiri kwenda Ulaya na binti zao 4 kwa meli iitwayo Ville du Havre. Yeye alibaki nyuma kwa sababu ya shughuli. Usiku wa tarehe 22 meli hiyo iligongana na nyingine katikati ya Atlantiki na kuzama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 walikufa, wakiwamo mabinti wote wanne. Anna aliokotwa majini akiwa hai, akafikishwa Wales, na kutoka huko akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake. Spafford alipanda meli kumfuata, na inasimuliwa kwamba walipopita karibu na mahali pa ajali ndipo maneno ya wimbo yalipoanza kumjia.

Tuni ilitungwa na Philip Bliss mwaka 1876. Aliipa jina la meli iliyozama. Desemba 29 ya mwaka huo huo Bliss na mkewe walikufa katika ajali ya treni huko Ashtabula, Ohio, daraja lilipovunjika. Na Spafford hakumaliza misiba: mwaka 1880 mtoto wao mdogo wa kiume, aliyezaliwa baada ya ajali, naye alikufa kwa homa. Mwaka uliofuata wazazi wakahamia Yerusalemu.

Mtu anayeniambia kwamba wimbo huu ni wa watu wasiolia, namwomba ausome ubeti wa kwanza taratibu. Umeweka amani na huzuni bega kwa bega, na huzuni hiyo ameilinganisha na mawimbi ya bahari, yeye ambaye wanawe walikuwa chini ya bahari. Maneno hayo aliyachota kwenye machozi. Tukiyatumia kumfunga mtu mdomo, tunamwibia Spafford wimbo wake.

Paulo alikataza nini?

Hapa kuna msomaji ameshakunja uso: mbona Paulo aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike? Tufungue waraka wa kwanza, sura ya 4. Paulo anasema wasihuzunike *kama* wale wasio na matumaini. Ukiondoa hiyo "kama", unapata amri ambayo Paulo hakuitoa. Tofauti anayoizungumzia iko katika namna ya kuhuzunika. Asiye na tumaini analia akiamini kwamba kaburi limemaliza maneno. Mwenye tumaini analia huku akingoja.

Na Paulo mwenyewe alifanyaje? Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, alipougua karibu ya kufa, Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba Mungu amemhurumia, asipate huzuni juu ya huzuni. Kule Mileto wazee wa Efeso walimwangukia shingoni wakalia kwa sauti alipowaaga, na hakuwaambia wajikaze. Kwa Warumi aliagiza walie pamoja na wanaolia. Hilo ni agizo, lina uzito sawa na maagizo mengine yote ya sura ile ya 12.

Tukiwa hapo, tuwe wakweli: si kila kelele ya msibani ni maombolezo. Nyumbani kwa Yairo, aliyefiwa na binti yake, Yesu aliwatoa nje waliokuwa wakipiga mayowe, na watu hao hao walikuwa wamemcheka muda mfupi kabla. Wapo kwetu pia wanaojirusha chini gari la mwandishi wa habari likifika na kuomba soda likiondoka. Hao wajue wanatambulika.

Na ipo huzuni inayohitaji hospitali. Mtu akipitisha wiki nyingi hali, halali, haogi, hawezi kuhudumia watoto, au akianza kusema afadhali naye afe, inawezekana ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito usioondoka wenyewe. Muombeeni, na siku hiyo hiyo mpelekeni kwa daktari. Kumkemea "roho ya huzuni" na kumrudisha nyumbani peke yake ni hatari, na mchungaji anayefanya hivyo achukue jukumu la kitakachofuata.

Kwa akina baba

"Mwanamume halii," tuliambiwa tangu tulipojikwaa kwenye mpira wa makaratasi. Sasa msomeni Yusufu katika Mwanzo 43. Yeye ni mkuu Misri nzima baada ya Farao. Anamwona mdogo wake Benyamini, moyo unamjaa, anatoka mbio, anaingia chumbani kwake, analia. Kisha ananawa uso, anajizuia, anatoka na kuamuru chakula kiletwe.

Nani kati yetu hajamwona mzee wa namna hiyo? Anakwenda "kuangalia gari la maiti kama limefika", anarudi uso una maji, anauliza wali umeiva. Yusufu aliendelea hivyo kwa muda, lakini katika sura ya 45 alishindwa, akalia kwa sauti mpaka Wamisri wakasikia. Heshima yake haikupungua hata kidogo. Wanawe hawakuacha kumwita baba.

Mtoto wa kiume anayemwona baba yake akilia kwenye kaburi la bibi yake hajifunzi udhaifu. Anajifunza kwamba kupenda kuna gharama, na kwamba baba anailipa.

Siku ngapi zinatosha?

Wana wa Israeli walimlilia Haruni siku 30. Walimlilia Musa siku 30. Wamisri walimlilia Yakobo siku 70. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Tanzania ilitangaza siku 30 za maombolezo, bendera nusu mlingoti, na hakuna aliyeiambia nchi imekosa imani.

Mjane wa mtaani kwetu tunampa siku tatu. Turubai linashushwa, tanga linaanuliwa, rambirambi zinahesabiwa, watu wanaondoka. Mfanyakazi wa kuajiriwa sheria inampa angalau siku 4 za likizo yenye malipo, na siku ya tano anatakiwa ofisini akiwa mzima. Kisha arobaini inapita, na baada ya hapo jina la marehemu linakuwa mwiko. Tunaogopa tukilitaja tutamkumbusha. Huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hajalisahau hata saa moja.

Jeraha likifungwa bandeji kabla halijasafishwa, nje linaonekana safi na ndani linaoza. Nimewaona Wakristo waliobeba msiba namna hiyo miaka mingi, wakawa wakali kwa watoto, wakawa wepesi wa kulewa, au wakabadilisha makanisa kila mwaka, na hakuna aliyewauliza lini walimzika nani.

*Kwa ufupi: Paulo alizuia kukata tamaa, hakuzuia kulia. Na Biblia inawapa waombolezaji muda mrefu kuliko tunaowapa sisi.*

Rafiki wa Ayubu na siku ya nane

Ayubu alipopoteza mali, watoto kumi na afya, rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walisafiri kutoka kwao wakaja. Walipomwona walipaza sauti wakalia, wakaketi naye chini siku 7, usiku na mchana, na hakuna aliyesema neno. Tunawasema vibaya sana wazee hawa, lakini kwa siku hizo saba hawana mfano. Kama wangeondoka jioni ya siku ya saba wangekumbukwa kama marafiki bora katika Maandiko.

Walikaa, wakaanza kueleza. Kwamba Mungu haonei mtu. Kwamba lazima kuna dhambi mahali. Kwamba watoto walivuna walichopanda. Sehemu kubwa ya walichokisema ingepita vizuri mimbarani Jumapili yoyote. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule Ayubu aliyelaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu. Tena wao ndio walioagizwa kupeleka sadaka, mafahali 7 na kondoo dume 7, na Ayubu ndiye aliyewaombea.

Kwa hiyo mtu akikuuliza msibani, "Kwa nini Mungu ameruhusu hili?", una ruhusa ya kujibu, "Sijui." Mara nyingi hakuulizi ili umjibu.

Turubai likishashushwa

Jumuiya nyingi ni hodari wa mazishi na dhaifu wa mwezi wa tatu. Haya hapa ni mambo ambayo nimeyaona yakifanywa na yakasaidia, na hakuna hata moja linalohitaji shahada ya theolojia:

- Mtu mmoja apewe jukumu la kwenda na mjane kufuatilia karatasi. Kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha mahakamani kwa ajili ya usimamizi wa mirathi. Peke yake atazungushwa mpaka akate tamaa. Akiwa na mzee wa kanisa pembeni, na ndugu wa marehemu waliokuja kuhesabu mabati watapunguza sauti.
- Tarehe ya kifo iandikwe kwenye daftari la jumuiya, na mwaka ukitimia mtu apige simu. Vivyo hivyo Krismasi ya kwanza, Pasaka ya kwanza, na siku shule zinapofunguliwa.
- Mtajeni marehemu kwa jina katika sala. Simulieni vituko vyake. Mfiwa akicheka na kulia kwa pamoja, mmefanya vizuri.
- Kanisa litenge ibada moja kwa mwaka ya waliofiwa, kwa zaburi za maombolezo na nyimbo za taratibu, pasiwe na mwito wa sadaka maalumu. Nasisitiza hilo la mwisho.
- Anayelia ibadani aachwe alie. Mhudumu asimkimbilie kumtoa nje kama amevunja glasi.

Kule Yafa, Dorkasi alipokufa, wajane hawakumpokea Petro kwa hotuba. Walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Petro aliwaacha wamwonyeshe kwanza, ndipo akawatoa nje akapiga magoti.

Basi, ndugu msomaji, fungua daftari la jumuiya yako, au simu yako kama daftari halipo. Mtafute mtu aliyefiwa kati ya miezi mitatu na sita iliyopita, yule ambaye hakuna tena anayemuulizia. Mtembelee wiki hii. Beba kilo mbili za sukari, kaa saa nzima, mwombe akusimulie habari za marehemu, na akianza kulia usimwambie anyamaze.